MASHTAKA YA JINAI: NANI HUYAANZISHA, NA MBELE YA MAHKAMA IPI

(Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa na Mwanasheria wa Serikali mbele ya watumishi wa Serikali, masheha na wananchi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote.)



Leo tunazungumza jambo ambalo wengi hulifikiria siku wanapofikwa tu. Jambo lenyewe ni hili: mtu anapotuhumiwa kutenda kosa la jinai hapa Zanzibar, ni nani mwenye haki ya kumshtaki, na ni mahkama ipi yenye uwezo wa kumsikiliza.

Maswali haya mawili huonekana ni ya mawakili na mahakimu peke yao. Kwa hakika ni maswali ya kila mtu aliyemo humu. Shauri la jinai lina mlango wake. Likipitishwa mlango usiokuwa wake litatolewa nje hata kama ukweli wote uko upande wa mlalamikaji. Hapo aliyedhulumiwa atarudi nyumbani bila ya haki yake, na aliyetuhumiwa, kama hana hatia, atakuwa amepoteza siku au miaka ya umri wake ambayo hakuna awezaye kumrejeshea. Kwa hiyo kuanza vizuri ni sehemu ya haki yenyewe.

KOSA LA JINAI NI LA NANI

Mtu akikudai fedha ulizomkopa, shauri ni lenu wawili. Akitaka atakusamehe, akitaka atakupeleka mahkamani, akitaka mtapatana njiani. Hilo ni shauri la madai.

Kosa la jinai halina tabia hiyo. Mwizi anayevunja duka la mtu Mwanakwerekwe amemuumiza mwenye duka, lakini pia amevunja amani ambayo sote tunaitegemea tunapofunga milango yetu usiku. Ndiyo maana mashtaka hufunguliwa kwa jina la Serikali, na mwenye duka huwa ni shahidi. Shahidi huyo ni muhimu sana, pengine wa mwanzo kuliko wote, lakini shauri halikuwa mali yake hata aliuze, alitoe zawadi, au alifute kwa kalamu yake mwenyewe.

Wananchi wengi huja ofisini wakasema, "Mimi nimesamehe, naomba kesi yangu niifute." Kusamehe ni jambo jema na lina thawabu yake. Lakini msamaha wa mtu mmoja haufuti kosa lililotendwa dhidi ya umma. Unaweza kuzingatiwa, na mara nyingi huzingatiwa, ila uamuzi uko kwa yule aliyepewa madaraka hayo na Katiba. Nitamtaja punde hivi.

TULIKOTOKA

Ni vyema tukumbuke kwamba hapa visiwani swali la nani ahukumiwe na nani lina historia ndefu. Sayyid Said alifunga mikataba na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Mikataba hiyo iliwapa makonsuli wa nchi hizo madaraka juu ya raia wao. Ikawa watu wawili wanaweza kufanya biashara katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe, na wakikosa, kila mmoja ana hakimu wake kwa sababu ya bendera anayoitegemea. Katika siku za himaya ya Waingereza kulikuwa na mahkama ya Mfalme wa Uingereza na mahkama ya Sultani. Kabla ya kuuliza mtu amefanya nini, iliulizwa kwanza ni raia wa nani.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 mfumo huo uliondoka. Kwa sheria ya mwaka 1969 zikaundwa mahkama za wananchi, ambazo zilianza kazi mwaka 1970. Katika mahkama hizo mawakili hawakuruhusiwa kusimama kumtetea mshtakiwa, na waliokaa kuhukumu hawakulazimika kuwa wamesomea sheria. Mfumo huo ulimalizika mwaka 1985, baada ya kupatikana Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Ndipo zilipotungwa Sheria ya Mahkama Kuu, Nam. 2 ya 1985, na Sheria ya Mahkama za Mahakimu, Nam. 6 ya 1985.

Naitaja historia hii kwa sababu moja. Kanuni tutakazozieleza leo, ambazo wengine huziona kuwa ni ucheleweshaji na urasimu, zimewekwa ili mtu asihukumiwe kwa kuangaliwa anatokana na nani, wala asinyimwe sauti ya kujitetea. Ni kinga ya kila mmoja wetu.

MAHKAMA ZETU NA MIPAKA YAKE

Mahkama zinazosikiliza makosa ya jinai hapa Zanzibar ni za madaraja. Chini kabisa zipo mahkama za mwanzo, kisha mahkama za wilaya, kisha mahkama za mkoa, na juu yake Mahkama Kuu ya Zanzibar. Mtu asiyeridhika na uamuzi wa Mahkama Kuu katika shauri la jinai anaweza kupanda hadi Mahkama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, na ambayo ni katika mambo ya Muungano.

Kila daraja ina mipaka ya aina tatu, na mtumishi yeyote anayeshughulika na mashauri anapaswa kuijua.

Mpaka wa kwanza ni aina ya kosa na uzito wa adhabu. Mahkama ya mwanzo haiwezi kusikiliza kila kosa, wala haiwezi kutoa kila adhabu. Kosa la mauaji, kwa mfano, husikilizwa na Mahkama Kuu. Hakimu wa wilaya akilisikiliza na kulitolea hukumu, hata awe mwadilifu na msomi namna gani, alichokifanya ni kitu kisichokuwepo mbele ya sheria.

Mpaka wa pili ni wa pahala. Kila mahkama ina eneo lake, na kwa kawaida kosa husikilizwa katika eneo lilipotendwa. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu sisi ni watu wa visiwa na bahari ina maswali yake.

Mpaka wa tatu ni wa mtu. Mtoto, yaani mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Watoto, Nam. 6 ya 2011, ambayo imeweka Mahkama ya Watoto. Kumchanganya mtoto na watu wazima katika mahkama ya kawaida, kwa sababu tu hakuna aliyejishughulisha kuuliza tarehe yake ya kuzaliwa, ni kuliharibu shauri na kumuharibu mtoto. Walimu wa skuli na masheha wana msaada mkubwa hapa, maana wao ndio wenye kumbukumbu.

Naongeza pia kwamba Mahkama za Kadhi, ambazo hivi sasa zinaongozwa na Sheria Nam. 9 ya 2017, zinashughulikia mambo ya Waislamu kama ndoa, talaka, mirathi na wakfu. Hazisikilizi mashtaka ya jinai. Mume akimpiga mkewe, suala la talaka ni la Kadhi, lakini suala la kupiga ni la mahkama ya jinai, na moja halizuii jengine. Wapo akina mama waliozunguka miezi mingi baina ya ofisi moja na nyengine kwa sababu hakuna aliyewapambanulia neno hili dogo.

FUNZO LA MWAKA 2000

Yupo atakayesema kwamba haya ni mambo ya makaratasi. Namjibu kwa shauri ambalo nchi nzima ililifuatilia.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1997 walikamatwa watu ambao baadaye idadi yao ilifika 18, wakashtakiwa hapa Zanzibar kwa kosa la uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Kosa la uhaini halina dogo: adhabu yake ni kifo. Watu hao walikaa mahabusu hadi mwezi wa Novemba 2000, walipoachiwa. Katika mwaka huo huo wa 2000 Mahkama ya Rufani ya Tanzania ilieleza msimamo wa sheria: uhaini ni kosa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, na dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kwa hiyo uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar peke yake.

Ndugu Wananchi, sikulitaja shauri hili ili tufufue mambo ya siasa ya wakati ule. Nimelitaja kwa sababu ya hesabu yake. Baina ya kukamatwa wa mwanzo na kuachiwa huru ilikaribia kutimia miaka mitatu. Katika miaka hiyo palikuwa na wake, watoto na wazee waliokuwa wakienda na kurudi kuwaangalia watu wao, na mwisho wake ikathibitika kwamba shtaka lenyewe, kama lilivyoandikwa, halikuwa na msingi wa kusimama. Swali la mamlaka liliulizwa mwisho, na lilistahiki kuulizwa mwanzo.

Hilo ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo. Kabla ya kumtia mtu katika kizimba, iulizwe: kosa hili ni dhidi ya nani, limeandikwa katika sheria ipi, na ni mahkama gani yenye uwezo nalo?

NANI ANAYEANZISHA MASHTAKA

Kwa miaka mingi madaraka ya mashtaka yalikuwa kwa Mwanasheria Mkuu, na katika mahkama za chini waliosimama kuendesha kesi ni askari polisi. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro iliyo wazi: askari aliyemkamata mtu, akampeleleza, ndiye huyo huyo au mwenzake wa kituo kimoja aliyesimama kumshtaki. Mtu akiwa ameshatoa jasho kulitafuta jambo, ni vigumu kukiri kwamba hakulipata.

Mabadiliko ya Katiba ya Zanzibar ya mwaka 2002 yaliweka, katika kifungu cha 56A, cheo cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Baadaye ikatungwa Sheria ya Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, Nam. 2 ya 2010. Hatua kwa hatua wanasheria wa Serikali wakachukua kazi ya kuendesha mashtaka iliyokuwa ikifanywa na polisi.

Madaraka ya Mkurugenzi wa Mashtaka kwa mujibu wa Katiba ni matatu. Kwanza, kuanzisha na kuendesha mashtaka ya jinai dhidi ya mtu yeyote mbele ya mahkama yoyote, isipokuwa mahkama ya kijeshi. Pili, kuyachukua na kuyaendeleza mashtaka yaliyoanzishwa na mtu mwengine au mamlaka nyengine. Tatu, kuyasimamisha na kuyaondoa mashtaka wakati wowote kabla ya hukumu kutolewa.

Katika kutumia madaraka hayo haingiliwi na mtu wala mamlaka yoyote. Lakini asidhani mtu kwamba ameachiwa afanye apendavyo. Anatakiwa azingatie mambo matatu: maslahi ya umma, kutendeka kwa haki, na haja ya kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria. Mashtaka yanayofunguliwa ili kumkomoa jirani katika ugomvi wa mpaka wa shamba ni matumizi mabaya. Mashtaka yanayoondolewa kwa sababu mtuhumiwa ana jamaa mkubwa nayo pia ni matumizi mabaya, kwani maslahi ya umma hayana ujamaa na mtu.

Hapa petu pana jambo ambalo halina budi kufahamika. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano. Mashtaka na Mahkama Kuu si mambo ya Muungano. Kwa hiyo jalada la upelelezi hutoka katika mikono ya chombo cha Muungano na kuingia katika mikono ya chombo cha Zanzibar. Pahala hapo pa kupokezana ndipo panapotaka uangalifu, kwa sababu jalada likikaa kituoni bila ya kupelekwa kwa mwanasheria, au likirejeshwa kwa upelelezi zaidi na asiwepo wa kulifuatilia, anayeumia ni mwananchi aliyekaa nyumbani akisubiri kuitwa.

Yapo pia makosa ambayo sheria inataka Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali kabla ya mtu kushtakiwa. Kibali hicho kikikosekana, shauri halijaanza, hata kama mashahidi wameshakula kiapo.

JINSI SHAURI LINAVYOANZA

Taratibu za kuanzisha shauri zimo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Nam. 7 ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2004. Makosa yenyewe kwa sehemu kubwa yamo katika Sheria ya Adhabu, Nam. 6 ya 2018, na mengine yamo katika sheria maalumu, kama zile za dawa za kulevya na za rushwa.

Kwa ufupi shauri huanza kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni malalamiko kupelekwa mbele ya hakimu, na hakimu akiona yana msingi humwita anayelalamikiwa au hutoa hati ya kumkamata. Njia ya pili, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, ni mtu aliyekamatwa na polisi kufikishwa mahkamani pamoja na hati ya mashtaka. Mtu aliyekamatwa bila ya hati hapaswi kuwekwa kituoni kwa muda anaoupenda askari. Anatakiwa afikishwe mbele ya hakimu bila ya kuchelewa, na kipimo kinachofahamika ni saa 24.

Hati ya mashtaka ndiyo roho ya shauri. Inatakiwa itaje kosa na kifungu cha sheria, kisha ieleze kwa lugha nyepesi nani, lini, wapi, dhidi ya nani na kwa namna gani. Mshtakiwa akisomewa hati lazima aelewe anatakiwa ajibu nini. Hati inayosema tu kwamba fulani "aliiba vitu vya Serikali" haimtoshi mtu kujitetea. Vitu gani? Vya ofisi ipi? Siku gani?

Hapa ndipo ninapowageukia wakuu wa ofisi. Mali ya Serikali inapopotea, msingi wa hati ya mashtaka umo katika madaftari yenu: daftari la ghala, hati za kupokelea, saini za makabidhiano. Kama daftari halikujazwa kwa miezi sita, hakuna mwanasheria atakayeweza kuandika shtaka likasimama, hata kama ofisi nzima inamjua aliyechukua. Msikae mkajifanyia kamati, mkamhoji mtu kwa wiki tatu, mkamtaka alipe kidogo kidogo, kisha mkaja kwetu aliposhindwa kulipa. Hatua za nidhamu za utumishi zina njia yake, na mashtaka ya jinai yana njia yake. Toeni taarifa mapema, hifadhini karatasi kama zilivyo, wala msiandike upya chochote.

PAHALA PA KUSIKILIZWA, NA SUALA LA BAHARI

Nimesema kwamba kosa husikilizwa pale lilipotendwa. Sasa tuchukue mfano. Abiria anapanda meli bandarini Malindi kwenda Mkoani, Pemba. Akifika anakuta sanduku lake limefunguliwa na fedha zimechukuliwa. Hajui zilichukuliwa meli ikiwa gatini, ikiwa mkondoni, au ikikaribia kufunga. Akaripoti wapi?

Wapo waliojibiwa Mkoani kwamba warudi Unguja, na walipofika Unguja wakaambiwa warudi Pemba. Majibu hayo si sahihi. Kanuni ya sheria ni kwamba kosa lililotendwa safarini linaweza kusikilizwa na mahkama ya eneo lolote ambalo mtuhumiwa, aliyekosewa, au kitu chenyewe kilipitia katika safari hiyo. Vivyo hivyo mali iliyoibwa pahala pamoja na kukutwa pengine: shauri linaweza kufunguliwa ilikoibwa au ilikokutwa. Na ikitokea shaka ya kweli juu ya mahkama ipi ilisikilize, Mahkama Kuu ndiyo huamua. Shaka hiyo isitatuliwe kwa kumrusha mwananchi kama mpira.

Meli ikiwa inatoka Dar es Salaam jambo huwa na uzito zaidi, kwa sababu Tanzania Bara ina sheria yake ya mwenendo wa jinai na Mkurugenzi wake wa Mashtaka, na sisi tuna zetu. Katika hali hiyo afisa asiamue peke yake. Apeleke jalada kwa mwanasheria ili ofisi mbili zishauriane. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara ya 124, imeweka msingi wa amri za mahkama kutekelezwa kila mahali Tanzania. Kwa hiyo bahari si pahala pa mkosaji kujificha. Aidha, kwa mujibu wa ibara ya 115, Mahkama Kuu ya Zanzibar inaweza kutumia madaraka sambamba na Mahkama Kuu ya Jamhuri ya Muungano katika sheria za Bunge zinazotumika pande zote mbili.

MUHALI NA SULHU

Sasa nafika pahala pazito kuliko pote, na naomba Ndugu Masheha mnisikilize kwa makini.

Sheria ya Tawala za Mikoa inampa sheha kazi ya kusuluhisha migogoro ya kijamii na ya kifamilia katika shehia yake. Ni kazi ya heshima na inaokoa nyumba nyingi. Lakini mgogoro wa kifamilia ni kitu kimoja, na kosa kubwa la jinai lililotendwa ndani ya familia ni kitu chengine. Mtoto akibakwa na jamaa yake, hapo hapana mgogoro wa kusuluhisha. Sheha hana mamlaka ya kulimaliza, mzee wa ukoo hana, baba hana, na mama hana. Hata hakimu wa daraja isiyohusika hana.

Tunajua kinachotokea. Watu hukaa barazani usiku, wakaoneana muhali. Mmoja husema, "Huyu ni mtoto wa ndugu yetu." Mwengine husema, "Tukimfunga, nani atalisha watoto wake?" Wa tatu huleta habari ya fedha, au ya kumwozesha msichana kwa aliyemharibu. Hupita siku tatu, wiki, mwezi. Kisha mapatano yakivunjika, ndipo shauri huletwa kituoni. Wakati huo nguo zimeshafuliwa, daktari hana cha kukiona, na mtoto ameshafundishwa kunyamaza. Hati ya mashtaka itaandikwa, lakini ushahidi wake ulizikwa barazani.

Ieleweke kwamba kupokea au kutoa fedha ili kosa kubwa lifichwe ni kosa jengine juu ya lile la mwanzo, na sheha au mtumishi anayeshuhudia mapatano hayo anajitia mwenyewe katika hatari. Ipo sulhu inayokubalika na sheria, katika makosa madogo baina ya watu, kama ugomvi mdogo wa majirani. Na hiyo huachiwa mahkama iisimamie. Makosa ya kubaka, kulawiti na kujeruhi vibaya hayamo.

Serikali kwa upande wake imefungua njia. Vipo vituo vya Mkono kwa Mkono katika hospitali, ambapo aliyedhalilishwa hupata daktari, polisi na mshauri pahala pamoja. Tangu mwaka 2021 zimewekwa mahkama maalumu za kesi za udhalilishaji ili zisikilizwe kwa haraka. Lakini mahkama maalumu haiwezi kusikiliza shauri ambalo halikufikishwa kwake. Mlango uko wazi. Anayeufunga ni muhali wetu.

Na nisieleweke vibaya. Kupeleka shauri si kumhukumu mtu. Katiba yetu, katika kifungu cha 12, inasema mtu anayeshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike kwamba anayo. Mtuhumiwa ana haki ya kujua shtaka lake na kujitetea. Kumpiga, kumtangaza misikitini na sokoni, au kumfukuza kijijini kabla ya mahkama kusema neno lake ni dhulma, na mara nyingi humpa wakili wake hoja ya kuliangusha shauri ambalo lilikuwa la kweli.

HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa kuyakusanya niliyoyasema katika maagizo machache ambayo kila mmoja anaweza kuyachukua.

Mosi, kosa la jinai liripotiwe kituo cha polisi kilicho karibu, na mapema. Askari asimrudishe mtu kwa hoja kwamba kosa limetokea upande mwengine. Apokee taarifa kwanza, kisha ipelekwe panapohusika.

Pili, mkuu wa ofisi ahifadhi madaftari na vielelezo kama vilivyo, na atenganishe hatua za nidhamu na mashtaka ya jinai.

Tatu, sheha asuluhishe yaliyo yake, na yasiyo yake ayapeleke siku ile ile, akiandika saa aliyopokea taarifa na nani aliyemletea.

Nne, umri wa mtuhumiwa na wa aliyekosewa uulizwe na uthibitishwe mwanzo kabisa, kwa cheti cha kuzaliwa au kumbukumbu za skuli.

Tano, mwananchi aliyefungua malalamiko na asione jalada lake likisogea ana haki ya kuuliza katika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, Unguja na Pemba. Aulize kwa adabu, na ajibiwe kwa adabu.

Wahenga wamesema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Katika mashauri ya jinai ufa ni ile siku ya kwanza: aliyepokea taarifa, alichoandika, na alipopeleka. Ukizibwa hapo, hakimu atapata shauri la kulipima. Ukiachwa, hakuna ufundi wa wakili wala ukali wa hakimu utakaousimamisha ukuta tena, na aliyedhulumiwa atabaki akisema kwamba sheria ipo lakini haikumfikia.

Kila anayeshika kalamu ofisini, na kila anayekaa barazani kuamua neno la watu, ana sehemu yake katika kumfikishia.